Alipata A ya hesabu darasa la saba, sasa anasema hana akili za sekondari

SWALI

Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto watatu, nipo Morogoro. Binti yangu wa kwanza alimaliza darasa la saba mwaka jana katika shule ya msingi ya serikali na alifaulu vizuri, hesabu alipata A. Sasa yupo kidato cha kwanza, shule ya kata. Tangu mwezi wa tatu amebadilika kabisa. Darasani hanyooshi mkono, madaftari anayaficha, na jaribio la mwisho la hesabu amepata 18 kati ya 100. Nikimuuliza ananijibu, "Mama, mimi sina akili za sekondari." Kila siku namwambia ana akili. Nimembandikia hadi karatasi ukutani, "Mimi ni mshindi", aisome kila asubuhi, lakini naona anazidi kunyong'onyea. Kwenye semina ya wazazi tulifundishwa kuhusu mtazamo wa ukuaji, yaani kuamini kwamba uwezo wa mtu hukua kwa kujifunza. Je, jambo hilo lina ushahidi wa kisayansi au ni maneno ya kutia moyo tu? Na kama ni kweli, mbona kwangu halifanyi kazi? Baba yake anataka tumhamishie shule ya binafsi ya Kiingereza, na ada yake itatubana sana.

JIBU

Pole mama, na ahsante kwa kueleza kwa kina. Mtoto aliyepata A ya hesabu mwezi wa tisa hawezi kuwa ameishiwa akili ilipofika mwezi wa tatu. Kuna kitu kimebadilika hapo katikati, na tukijue kwanza kabla hatujaanza kumtia moyo.

Kitu cha kwanza kilichobadilika ni lugha. Miaka saba amejifunza asilimia, sehemu na maumbo kwa Kiswahili. Alipoingia sekondari, karibu kila somo likageuka Kiingereza, na ile kozi ya mwanzo ya wiki chache haiwezi kuziba pengo la miaka saba. Tatizo hili ni la siku nyingi. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, waliwapima wanafunzi wa Tanzania na kuripoti kwamba Kiingereza cha wengi wa sekondari hakikufikia kiwango cha kuwawezesha kusomea masomo mengine. Mweleze binti yako habari hii. Yeye anajiona peke yake ndiye amekwama, kwa sababu darasani kila aliyekwama amenyamaza.

Sasa fanya kipimo kidogo. Chagua jioni ambayo wadogo zake wamelala, mkae wawili tu. Chukua swali moja la maelezo alilokosa kwenye lile jaribio. Tuseme linamhusu mfanyabiashara aliyenunua gunia la mchele kwa shilingi 200,000 akaliuza kwa 230,000, na mwanafunzi atafute faida kwa asilimia. Mpe kwanza kwa Kiingereza kama lilivyo, kisha nyamaza uangalie kalamu yake inasimama wapi. Mara nyingi husimama kwenye neno, kabla hajafika hata kwenye namba. Baadaye mwandikie swali hilohilo kwa Kiswahili. Akitoa akapata 30,000, akagawanya kwa 200,000, akazidisha kwa 100 na kuandika 15, hesabu anaijua. Kinachomkwamisha ni maneno manne au matano. Usikimbilie kumpongeza. Weka karatasi zote mbili mezani umuulize, "Hizi zimefanywa na watoto wawili au mmoja?" Umwache afikiri.

Akikosa kwa lugha zote mbili, basi mada yenyewe hajaielewa. Hapo mnarudi nyuma hadi mahali anapopata, hata kama ni kitabu cha darasa la sita, na mnapanda kutoka hapo. Na akipata kwa lugha zote mbili akiwa nyumbani ila darasani anafeli, shida ni hofu. Nitaifikia.

Nasisitiza aone mwenyewe kwa sababu ambayo sisi wa fani hii tumeitegemea kwa miaka mingi. Mwaka 1977 Albert Bandura, mwanasaikolojia mzaliwa wa Kanada aliyefundisha Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, alieleza kwamba imani ya mtu kuwa analiweza jambo fulani hutoka mahali pane: kulifanya akafanikiwa, kumwona mtu wa aina yake akilifanya, kuambiwa na wengine kwamba ataliweza, na anavyojisikia mwilini anapolikabili. La kwanza ndilo lenye nguvu kuliko yote. Yeye na wenzake walilipima kwa watu wazima waliokuwa wanaogopa nyoka kupita kiasi. Waliomtazama tu mtu mwingine akimshika nyoka walipata nafuu kiasi. Waliosaidiwa hatua kwa hatua mpaka wakamshika kwa mikono yao wenyewe walijiamini zaidi, na kujiamini huko kukaenea kwa vitisho vingine.

Wewe mama umekuwa ukitumia lile la tatu peke yake, la maneno, na ndilo huporomoka upesi mtu anapokutana na jambo linalolikanusha. Asubuhi anasoma kwamba ni mshindi, mchana anarudishiwa karatasi ya alama 18. Yeye aamini lipi? Mwaka 2009 watafiti wa Kanada waliwaambia watu wajirudierudie kwamba wao ni watu wa kupendeka. Wale ambao tayari walikuwa wanajithamini walijisikia vizuri kidogo. Wale waliokuwa wanajidharau walijisikia vibaya zaidi kuliko wenzao waliojidharau vilevile lakini hawakuambiwa waseme chochote. Sentensi usiyoiamini hukukumbusha sababu zote za kutoiamini. Kwa hiyo ile karatasi ya ukutani itoe, taratibu, bila kulifanya kuwa tukio.

Na hilo la kumwambia "una akili" lina madhara yake pia, ingawa mzazi hulisema kwa mapenzi. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha majaribio waliyofanya na watoto wa darasa la tano nchini Marekani. Watoto walipewa mafumbo ya maumbo, wakayaweza. Kundi moja likaambiwa limefaulu kwa sababu lina akili, jingine kwa sababu limejitahidi. Kisha wakaletewa mafumbo magumu, wote wakaboronga. Waliporudishiwa ya kiwango cha mwanzo, waliosifiwa akili walifanya vibaya kuliko walivyoanza, na waliosifiwa juhudi walifanya vizuri zaidi. Kinachonigusa zaidi kipo mwishoni. Walipoombwa wamwandikie mtoto wa shule nyingine wasiyemjua alama walizopata, karibu wanne kati ya kila kumi wa waliosifiwa akili waliongeza alama. Hawakuwa watoto waongo. Waliambiwa kwamba alama ndizo akili zao, hivyo alama mbaya ikawa aibu ya kufichwa. Sasa fikiria yale madaftari ya binti yako.

Nije kwenye swali lako la ushahidi. Mtazamo wa ukuaji ni imani kwamba uwezo wa mtu hukua kwa kujifunza, kwa mbinu nzuri na kwa msaada. Kinyume chake ni mawazo mgando, kwamba umezaliwa na kiasi chako na ndiyo basi. Mmoja wa tafiti kubwa ulichapishwa mwaka 2019 katika jarida la Nature. Wanafunzi zaidi ya 12,000 wa mwaka wa kwanza wa sekondari nchini Marekani walihusishwa, na waliopewa somo hilo walilipata kwa kompyuta kwa muda usiofika saa moja. Wale waliokuwa na alama za chini walipanda kwa wastani wa 0.1 katika kipimo ambacho cha juu kabisa ni 4. Ni kidogo, lakini ni kweli, hasa ukizingatia udogo wa muda uliotumika. Tena kupanda huko kulionekana zaidi katika shule ambazo wanafunzi wenyewe hawamdharau mwenzao anayejaribu mambo magumu. Mwaka mmoja kabla ya hapo, watafiti waliojumlisha matokeo ya tafiti nyingi waliona faida kwa jumla ni ndogo sana, ingawa kulikuwa na dalili kwamba wanafunzi wa familia maskini hunufaika zaidi. Na huko Uingereza, jaribio la mwaka 2019 katika shule za msingi halikuonyesha tofauti yoyote ya alama.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: jambo hili lina ukweli, lakini peke yake ni jepesi. Halimfundishi mtoto Kiingereza wala halimfundishi aljebra. Mtoto aliyefundishwa kwamba anaweza kukua, kisha asionyeshwe njia ya kukua, atajilaumu mara mbili. Dweck mwenyewe amelalamika hadharani kwamba wengi wamelichukua wazo lake na kulifanya kuwa kusifia juhudi tu, hata pale ambapo juhudi hizo hazizai chochote. Neno "jitahidi" likisimama peke yake humwambia mtoto kwamba hadi sasa alikuwa mvivu, na binti yako si mvivu.

Mfanye nini nyumbani? Nunua kaunta buku moja. Kila ukurasa auchore safu tatu: neno la Kiingereza kutoka sura wanayosoma, maana yake kwa Kiswahili, na mfano mfupi wa hesabu wenye neno hilo. Maneno matano kwa siku yanatosha, na ayachukue kwenye kitabu chake cha darasani, si kwenye orodha ya kamusi. Kisha achague swali moja lenye maneno hayo. Kwanza akueleze kwa Kiswahili swali linataka nini, kwa sauti, kama anamfundisha mdogo wake. Halafu alifanye kwa Kiingereza kwenye daftari. Dakika ishirini, mnafunga. Mkianza, swali liwe lile ambalo ukiliangalia unaona atalipata ila atatoka jasho kidogo. Rahisi mno halimthibitishii chochote, na gumu mno linamrudisha kwenye ile alama ya 18.

Wewe huhitaji kujua Kiingereza wala hesabu za kidato cha kwanza kufanya haya. Kazi yako ni kuuliza, "Hapa ulianzaje?" na "Ulipokwama ulifanyaje?" Ukimsifu, sifia kitu ulichokiona kwa macho: "Swali la tatu umelifuta ukalianza kwa njia nyingine." Sifa ya namna hiyo hawezi kuikataa, kwa sababu alama za ufutio zipo pale kwenye karatasi. Na kila baada ya wiki mbili au tatu mrudishieni swali alilolikosa zamani, alifanye upya, karatasi ya zamani ikiwa pembeni.

Lile la pili la Bandura, la kumwona mtu wa aina yake, wazazi wengi hulisahau. Mwaka 1985 watafiti wa Marekani, Schunk na Hanson, waliwaonyesha watoto waliokuwa na shida ya kutoa namba video za mtu akifanya hesabu hizo. Waliomtazama mtoto mwenzao walijiamini na kufanya vizuri kuliko waliomtazama mwalimu. Mtafute binti wa kidato cha pili aliyetoka shule ileile ya msingi, siyo yule anayeongoza bali wa kawaida aliyeteseka mwaka jana na sasa anakwenda vizuri. Mwombe aje Jumamosi na daftari lake la mwaka jana, lile lenye alama nyingi za kukosa za wino mwekundu. Nakuhakikishia kwamba daftari hilo lina maneno kuliko hotuba yoyote ya semina.

Kuhusu hofu ya darasani, mweleze kwamba moyo kwenda mbio na mikono kutoka jasho ni mwili unajiandaa, na haina maana kwamba hajui. Kisha nenda kwa mwalimu wa hesabu, wakati hana kipindi, kwa heshima na bila lawama. Mwombe kitu kimoja kidogo: kwa wiki chache amwambie binti siku moja kabla ni swali gani atamuuliza kesho. Akajiandae, ajibu, akae. Muulize pia kama anaweza kuruhusiwa kuanza maelezo yake kwa Kiswahili kisha amalizie kwa Kiingereza. Walimu wengi hukubali wakiombwa vizuri, maana nao shida hiyo wanaiona kila siku.

Lakini mdadisi binti pia, polepole, ujue kama anachekwa akikosea au anachapwa kwa kukosa jibu au kwa kuongea Kiswahili. Kama ndivyo, lipeleke kwa mwalimu wa malezi au mkuu wa shule mapema. Hapo anayetakiwa kubadilika siyo mtoto. Na ukiona hapati usingizi, hali chakula, anakataa kabisa shule, au anatamka kwamba bora asingekuwepo, usisubiri kaunta buku ijae. Mpeleke hospitali ya rufaa ya mkoa, uombe kuonana na watu wa afya ya akili.

Kuhusu kuhama, ushauri wangu ni kwamba msihame mwaka huu. Katika shule mnayoifikiria atakaa na watoto waliosoma kwa Kiingereza tangu chekechea, na majaribio yake ya kwanza huko yanaweza kuwa mabaya kuliko hili. Atahitimisha kwamba hata ada kubwa haikumsaidia. Kama kuna fedha kidogo ya ziada, mtafutieni tuisheni ya Kiingereza, ya kundi dogo ambalo mwanafunzi anapata nafasi ya kuongea. Mpeni muda hadi mtihani wa mwisho wa mwaka. Mkikaa kuamua, msiangalie nafasi yake darasani. Angalieni kama maswali ya aina aliyokuwa anayaacha wazi sasa anayajaribu, na mangapi kati ya hayo anayapata. Kama hakuna kilichosogea kabisa hata baada ya msaada huo, mazungumzo ya kuhama yatakuwa na msingi. Na baba mkaribishe kwenye zile dakika ishirini. Maelezo yanaanza kwa Kiswahili, kwa hiyo faida ya gunia la mchele hata yeye anaweza kumuuliza.