Maswali yenu: Darwin darasani, Adamu chuoni

Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha nne. Shuleni nafundishwa mageuko, ile nadharia ya Darwin kwamba viumbe hubadilika polepole kizazi hadi kizazi; chuoni (madrasa) naambiwa Adamu aliumbwa kwa udongo. Kwenye mtihani niandike lipi? (Mwanafunzi, Ngamiani)

Marahaba. Soma swali vizuri. Likisema "eleza nadharia ya Darwin", eleza alichokisema kwenye kitabu chake cha mwaka 1859 na ushahidi wake. Msahihishaji hakuulizi imani yako. Ila usiandike kwamba binadamu katoka kwa nyani hawa wanaotuibia mahindi! Nadharia inasema sisi na wao tuna asili moja ya kale sana. Hapo hupoteza maksi hata wale wanaoikubali.

Samaki wetu silikanti hajabadilika tangu enzi na enzi. Si ina maana mageuko ni uongo? (Mvuvi, Sahare)

Hili nimelipenda. Wataalamu walidhani samaki huyu alitoweka pamoja na dinosaria, mpaka akavuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Huku kwetu Tanga alianza kunasa kwenye majarife miaka ya 2000, na mwaka 2009 ikatengwa hifadhi ya bahari yenye jina lake. Umbo lake kwa jumla linafanana na la visukuku (mabaki ya kale yaliyogeuka mawe), lakini wale wa kale ni jenasi nyingine, yaani kundi jingine la jamaa zake, na baadhi yao waliishi maji baridi. Kwa hiyo kubadilika kulikuwepo, ila kidogo. Nadharia haisemi viumbe vyote vibadilike kwa kasi moja. Na yale mapezi yake ya nyama, akiogelea huyapeleka kwa kupishana, kama mnyama anavyotupa miguu.

Ni kweli Marekani mwalimu alishtakiwa kwa somo hili? (Msomaji, Pangani)

Kweli. John Scopes, jimbo la Tennessee, mwaka 1925. Faini dola 100, na baadaye hukumu ikatenguliwa kwa kasoro ya utaratibu.

Nimwachishe mwanangu biolojia? (Mama, Makorora)

Hapana, dada yangu. Unaikumbuka klorokwini, ile ya kuwasha mwili mzima? Ilitibu malaria miaka mingi, ila vimelea vilivyoihimili vikabaki, vikazaana, mpaka mwaka 2001 ikaachwa. Ikaja dawa nyingine, SP, nayo ikazidiwa. Mwaka 2006 tukahamia dawa mseto. Hayo ndiyo mageuko yenyewe, na daktari wa mwanao, awe wa Ijumaa au wa Jumapili, lazima ayajue.

Mwanafunzi kajibu swali la mageuko kwa "Mungu ndiye ajuaye". Nimpe ngapi? (Mwalimu, Muheza)

Sifuri. Ila usimwandikie kejeli pembeni kwa wino mwekundu, wala usimsomee wenzake wacheke. Mwite ofisini, mpe swali lile lile alirudie.