Maswali ya Wasomaji: Moto Mkubwa, Hazina Ndogo

SWALI: Huku kwetu tulisikia Ntorya imepata gesi tangu 2012, na mtambo wa kusafisha gesi wa Madimba hauko mbali. Mbona leseni ya kuiendeleza ilitoka 2024?
*Msomaji, Mtwara*

JIBU: Kisima cha Ntorya-1 kilipojaribiwa 2012 kilitoa gesi futi za ujazo milioni 20 hivi kwa siku, pamoja na kondensati kidogo (mafuta mepesi yanayotoka na gesi). Ntorya-2, iliyochorongwa 2017, ikatoa takriban milioni 17. Baadaye zikachukuliwa data za mitetemo za pande tatu, yaani picha ya miamba ya chini inayopatikana kwa kutuma mawimbi ardhini. Vibali na fedha vilikula miaka mingi, na hilo hatulitetei. Lakini sehemu ya muda huo ilikuwa na kazi yake, kwa sababu kasi ya gesi kutoka kisimani haisemi ipo kiasi gani huko chini. Moto unaouona kwenye mlingoti wa kuchomea unakuonyesha mgandamizo, unene wa mwamba na jinsi gesi inavyopita kwa urahisi karibu na kisima, basi.

Mfano uko nyumbani. Kiliwani Kaskazini, kisiwani Songo Songo, ilijaribiwa 2008 ikatoa takriban milioni 40 kwa siku. Uzalishaji ulianza 2016, na haikupita miaka mingi mgandamizo ukaanguka na kisima kikanyamaza. Kilikuwa na nguvu, ila gesi iliyoungana nacho ilikuwa ndogo. Bahati nzuri bomba kuu lilikuwa jirani. Lingejengwa bomba refu kwa ajili ya kisima kile peke yake, hasara ingekuwa ya kutisha.

SWALI: Basi ukubwa wa hazina unajulikanaje kabla ya kujenga chochote?
*Mwanafunzi wa jiolojia, Dodoma*

JIBU: Kwa njia mbili zinazokaguana. Ya kwanza ni hesabu ya ujazo: eneo, mara unene wa mwamba wenye mafuta, mara asilimia ya vinyweleo (matundu madogo ndani ya mwamba), mara sehemu isiyo na maji, kisha unagawa kwa kiwango ambacho mafuta husinyaa yakifika juu. Chukua kilomita za mraba 1.5, mita 12, vinyweleo asilimia 18, maji asilimia 35, msinyao 1.2. Unapata mita za ujazo milioni 1.755, sawa na mapipa milioni 11. Usishangilie. Bila kusukumiza maji ardhini, hazina ndogo ya mafuta huweza kukupa asilimia 10 hadi 25 tu, yaani mapipa milioni 1.1 hadi 2.8. Na namba inayodanganya zaidi katika orodha hiyo ni eneo. Vinyweleo na maji vinasomwa kwa vipimo vya kisimani; mipaka ya hazina inakisiwa kutoka kwenye mitetemo, na mpasuko mmoja wa miamba usioonekana kwenye picha unaweza kuikata nusu.

Njia ya pili ni mgandamizo wenyewe, na hapa ndipo jaribio la kisima linapolipa. Mafundi hushusha vipima-mgandamizo hadi karibu na mwamba, wanafungua kisima kwa tundu dogo la choki (kifaa cha kubana mtiririko), wanaliongeza hatua kwa hatua hadi mtiririko utulie, halafu wanakifunga na kusubiri. Kusubiri huko ndiko watu wenye haraka hukufupisha. Kanuni ya kazi: muda wa kufunga usipungue mara moja na nusu hadi mara mbili ya muda wa kutiririsha.

Tuseme ni kisima cha gesi, na mgandamizo wa mwanzo ni bar 210. Kimetiririka siku mbili kwa futi za ujazo milioni 20 kwa siku, jumla milioni 40. Baada ya kufungwa kinapanda na kutulia kwenye 209.2. Bar 0.8 inaonekana si kitu. Ukipiga hesabu ya kawaida, ukichukulia tabia ya gesi haikubadilika, milioni 40 ugawe kwa 0.8/210, unapata futi za ujazo bilioni 10.5. Tuseme asilimia 70 ya hizo ndiyo itakayotoka: bilioni 7.35. Ukizalisha milioni 20 kwa siku, zinakwisha kwa mwaka mmoja.

Angalizo: kwenye mwamba mgumu kupitisha gesi mgandamizo hupanda polepole sana, na anayesoma kabla haujatulia atadhani hazina imepungua kumbe bado inajaa. Kipimo chenyewe nacho hupotoka. Kwa hiyo vishushwe viwili au zaidi, visipokubaliana usitoe namba. Shaka ikibaki, jaribio refu la wiki kadhaa ni rahisi kuliko bomba lisilo na gesi. Na ikiwezekana gesi iuzwe, isichomwe.

SWALI: Kwa nini mafuta ya Turkana yalibebwa na malori hadi Mombasa? Si upotevu?
*Msomaji, Lodwar*

JIBU: Ule ulikuwa uzalishaji wa majaribio kutoka bonde la Lokichar Kusini, na shehena ya kwanza ya takriban mapipa 200,000 iliondoka Mombasa Agosti 2019. Ghali, ndiyo. Lakini malori hutoa kitu ambacho jaribio la siku mbili halitoi: miezi ya kuona mgandamizo unavyoshuka, na mnunuzi halisi wa kusema mafuta yako yana thamani gani.

Tatizo la mafuta yale ni nta. Yakipoa chini ya nyuzi 40 hivi yanaganda, kwa hiyo matangi yalihitaji joto na bomba lolote litahitaji kupashwa. Ndani ya kisima nta hushika kwenye kuta za mirija ya juu, mahali mafuta yanapopoa. Dalili: mtiririko unapungua huku mgandamizo wa chini haushuki. Dawa ni kukwangua kwa kisu kinachoshushwa kwa waya, mafuta ya moto, au kemikali. Mpangaji wa hazina ndogo ambaye hakuweka gharama hiyo kwenye bajeti ya kila mwezi amejidanganya mapema.

SWALI: Wanataka kuchoronga kisima cha uhakiki, cha kupima ukubwa wa hazina, karibu na shamba langu. Nidai nini?
*Mkulima, Lindi*

JIBU: Kiwanja cha kuchorongea huchukua hekta moja hadi moja na nusu, bila kuhesabu barabara. Kabla mtambo haujafika, maji ya visima vya kunywa vya jirani yachukuliwe sampuli mbele yako na upewe nakala ya majibu. Bila kipimo cha awali, mabishano ya baadaye hayana msingi. Shimo la tope la kuchorongea liwe na nailoni nene isiyopitisha maji, na ulizia litafukiwa au kuhamishwa lini. Uliza pia mabomba ya chuma yenye saruji yanashuka hadi kina gani kupita tabaka la maji matamu. Kisima kisipofaa, kizibwe kwa saruji, kichwa kikatwe chini ya ardhi, na udongo wa juu uliohifadhiwa pembeni urudishwe juu, usichanganywe na vipande vya mwamba.