Kwa Unayefungua Boksi la Kwanza la Roboti

Juma lililopita kijana mmoja wa Gungu aliingia kibandani kwangu hapa Mwanga, Kigoma, boksi la roboti ya plastiki ya kuunga amelibeba kwa mikono miwili kama trei ya mayai. Dada yake kamletea kutoka Dar. Hata kukaa hajakaa, akauliza: "Kaka, rangi nipake kabla ya kuunga au nikishamaliza?" Nikamvutia kigoda. Mdogo wangu, rangi iko mbali. Kwanza nionyeshe utakatia nini.

Akatoa mkasi wa cherehani wa mama yake.

Haya ndiyo niliyomwambia siku ile, pamoja na yale niliyoyakumbuka alipokwisha kuondoka.

Kazi yangu ni redio na simu, lakini roboti za plastiki naziunga tangu 1993, nikiwa darasa la nne. Kabla ya hapo nilikuwa mtoto wa magari ya waya kama wenzangu, matairi ya ndala zilizochoka. Watafiti wa Kijapani wa sokwe wa Mahale wamekuwa wakipita Kigoma tangu miaka ya 1960. Mmoja wao, aliyepanda boti aliyokuwa akiendesha baba, alimwachia zawadi ya mtoto: boksi lenye picha ya roboti nyeupe, pembe mbili za njano kichwani. Maandishi yote Kijapani. Nyumbani hakuna aliyejua kwamba ile inaitwa Gundam, kwamba ilianza kama katuni ya televisheni mwaka 1979, wala kwamba modeli yake ya kwanza ya kuunga ilitoka mwaka uliofuata ikiuzwa yen 300. Baba alifungua, akaona vipande vitupu, akasema masikini, kimevunjika njiani.

Hakikuwa kimevunjika. Ndani ya boksi vipande hukaa kwenye fremu za plastiki, kila kimoja kikining'inia kwenye kikonyo chake kama embe. Kila fremu ina herufi, kila kipande kina namba, na maelekezo ni picha. Hujui Kijapani? Hata mimi sijui. Unafuata A5, unafuata B12. Modeli za siku hizi hazitaki gundi: kigingi kinaingia tunduni na kubana. Anza na zile zilizoandikwa HG (High Grade), za kipimo cha 1/144. Roboti ambayo kwenye katuni ina mita 18 inakuwa sentimita 12 na nusu mezani kwako. MG (Master Grade) ni za 1/100, zina mifupa ya ndani na vipande vingi zaidi. PG (Perfect Grade), za 1/60, ziache mpaka uwe na meza ambayo hakuna mtu wa nyumbani atakayeihitaji kwa mwezi mzima.

Sasa sikiliza, maana ushauri wangu wote unatoka hapa: Kigoma hakuna spea. Mtu wa Japani akipoteza kipande anaweza kukiagiza hicho hicho. Wewe ukivunja bega, umevunja bega. Ndiyo maana anayekuja kwangu namfundisha kutibu kabla sijamfundisha kupamba. Vijana hawapendi, wanataka rangi.

Tiba ya kwanza ni kutoumiza, yaani kukata vizuri. Usikate kikonyo kwa mkupuo mmoja. Kata kwanza mbali, upande wa fremu, kipande kitoke na kikonyo chake. Kigeuze mkononi mpaka ukione vizuri, kisha kata mara ya pili, ukiacha kigutu kama nusu milimita. Hicho ndicho kitakacholiwa na msasa. Ukikata karibu kwa pupa, plastiki hainyofoki sawasawa. Inavutika, inapauka, inabaki na alama nyeupe kama kovu la kuungua. Kwenye plastiki nyeupe kovu halionekani sana, kwenye bluu na nyekundu litakutazama miaka yote. Kulisugua kwa kucha ya dole gumba hulififisha kidogo. Roboti yangu ya kwanza niliikata kwa meno, na mpaka leo mapaja yake yana alama zangu.

Tafuta plaizi ndogo ya kukatia waya za redio, ile yenye upande mmoja bapa, na ubapa huo uelekee kwenye kipande. Kama huna, kikata kucha kipya kinafanya kazi kuliko unavyodhani. Mkasi wa mama rudisha kabla hajautafuta. Msasa nunua ule wa maji, wanaotumia mafundi wa kunyoosha bodi za magari: namba 400, 800, kisha 1000. Lowesha. Vumbi lisiruke uvute, na plastiki inatoka laini.

Vijiti vya fremu vilivyobaki usivitupe. Hiyo ndiyo spea yako. Katakata vipande vidogo, weka kwenye kichupa cha kioo, mimina asetoni ivifunike, funga. Asetoni ni ile ya kuondolea rangi ya kucha, lakini soma chupa, ziko nyingine hazina asetoni na hazitayeyusha kitu. Kesho yake utakuta uji. Uji huo una rangi ile ile ya roboti yako, kwa hiyo unaziba ufa au tundu bila kupaka chochote. Chukua kidogo kwa kijiti cha meno, paka, acha ukauke usiku kucha, kisha msasa. Hunywea ukikauka, kwa hiyo mara nyingi utarudia. Usiumwage mwingi kwenye kipande chembamba, utakiyeyusha kipande chenyewe. Na fanya nje, mbali na jiko la mkaa. Asetoni inashika moto haraka, karibu kama petroli ya bodaboda.

Kigingi cha bega kikikatika, supa glu peke yake haitoshi, itashika siku mbili tu. Pasha pini kwenye mshumaa, toboa katikati ya pande zote mbili polepole, ingiza kipande cha waya au kibanio cha karatasi kilichonyooshwa, ndipo utie tone la supa glu. Nina roboti yenye bega la spoku ya baiskeli, na ndilo bega imara kuliko yote kabatini. Kiungo kilicholegea nacho kina dawa: paka supa glu nyembamba kwenye kichwa cha kiungo kikiwa kimetolewa, acha ikauke kabisa, rudisha. Nimesema kabisa. Niliwahi kurudisha baada ya dakika tano, na roboti ile imepiga saluti tangu 2009.

Nje kidogo ya mada. Wapo wanaoniambia huu ni mchezo wa Wajapani, sisi hautuhusu. Mimi huwauliza kama wanaijua Liemba, meli yetu ya Ziwa Tanganyika. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa kipande kipande, ikatiwa kwenye makasha yapatayo 5,000, ikaja Dar es Salaam kwa meli, na ikafika huku kwa reli. Ikaungwa hapa hapa Kigoma, ikashushwa ziwani 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wakaizamisha wenyewe, lakini kabla ya hapo mafundi waliipaka injini mafuta mazito ili isioze. Waingereza wakaiibua 1924, ikarudi kazini 1927. Mji huu umekula nauli za boksi la kuunga karibu miaka mia, halafu mtu ananiambia hautuhusu! Ina mita 71 hivi, kwa hiyo kwa kipimo cha 1/144 ingetoka nusu mita. Nimeanza kukusanya plastiki.

Haya, rangi. Modeli hizi zinakuja na rangi zake kwenye plastiki, na kwa boksi la kwanza zinatosha. Pitisha penseli kali kwenye mifereji ya mwili, futa kwa kidole, utaona umbo limeinuka. Ukitaka zaidi, puliza vanishi isiyo na rangi na isiyong'aa juu ya kila kitu, na ule mng'ao wa kijiko cha plastiki unakwisha. Kabla ya kupuliza osha vipande kwa sabuni, vikauke. Kopo liwe umbali wa shibiri moja hivi, pita haraka, tabaka jembamba, subiri, rudia.

Usipulize mvua ikiwa imetanda. Huku kuanzia Novemba mpaka Aprili hewa imebeba maji, na rangi inayokauka kwenye unyevu hutoka na ukungu mweupe. Niliwahi kuharibu roboti nyeusi hivyo, ikawa kama imemwagiwa unga wa muhogo. Nilingoja kiangazi, nikapuliza tena tabaka jembamba asubuhi umande ulipokauka, ukungu ukaondoka karibu wote. Na petroli usiiguse. Kuna mwaka nilitaka kupenyeza rangi ya mafuta kwenye mifereji nikaizimua kwa petroli, roboti ikiwa imeshaungwa. Asubuhi goti lilikuwa vipande vitatu. Petroli na thina hupenya kwenye viungo vilivyobanwa, na plastiki iliyobanwa hupasuka.

Kubadilisha roboti iwe yako ndiko kunakonipa raha kuliko kote, lakini kuna hesabu ya kuzoea: kila kitu unachobandika, kizidishe mara 144. Nilitengeneza roboti mvuvi wa dagaa, taa begani, wavu mkononi. Wavu niliukata kwenye chandarua. Ulipendeza mpaka nilipopiga hesabu: tundu la chandarua ni kama milimita moja na nusu, ukizidisha unapata zaidi ya sentimita 21. Wavu gani wa dagaa huo? Mgebuka angepita bila kuinamisha kichwa. Nikaubadilisha na kipande cha soksi ndefu ya nailoni. Masizi niliyoyapaka kwenye taa ni ya kweli, ya kioo cha karabai, na nikayafunga kwa vanishi ile isiyo na rangi yasitoke na kidole. Kutu ni udongo mwekundu wa barabarani uliosagwa na kuchekechwa kwa kitambaa. Usipousaga, kwa kipimo hicho kila punje ni jiwe la kujengea.

Usiziweke dirishani. Jua hugeuza nyeupe kuwa njano ya jino la mvuta tumbaku.

Kijana alipokuwa anainuka aliiona ile ya kwanza kabisa, juu ya rafu ya redio mbovu. Akauliza kwa nini pembe moja ni ya njano iliyoiva na nyingine imepauka. Nikamwambia ndiyo sababu tunafanyia kazi ndani ya sinia, si barazani. Nilikuwa nimekaa uwanjani kwetu Ujiji, pembe zimewekwa kwenye mkeka, akaja kuku wetu mwekundu akadhani punje ya mahindi. Nililia. Baba ndiye aliyekata pembe nyingine kwenye mfuniko wa kopo la siagi, na gundi ikakataa kabisa kushika plastiki ile ya mafuta mafuta, mpaka akaitoboa na kuifunga kwa uzi wa waya wa simu. Imekaa hivyo hivyo. Kuku tulimchinja Idd, na mama, kwa kunihurumia, akapasua firigisi mbele yangu. Mlikuwa na changarawe na mahindi tu.