Re: Kiingereza cha Marekani ni kibovu?

Dada wa Nakuru, umeuliza kwa nini mwalimu alimkata mwanao alama kwa kuandika “color”, na kama Wamarekani ndio walioharibu Kiingereza. Hawakukiharibu. Tahajia hiyo ilienezwa sana na Noah Webster, Mmarekani mtunga kamusi, kupitia kamusi yake ya 1828. Alitaka taifa lao changa liwe na maandishi yake lenyewe. Sisi tulirithi tahajia ya Uingereza, kwa hiyo kwenye mtihani mtoto aandike “colour”. Huo ni utaratibu tu.

Kinachonigusa zaidi ni kwamba mara nyingi Marekani ndiko kulikohifadhi ya kale. “Gotten”, ambayo Waingereza wengi leo husema “got”, ilisemwa Uingereza kabla ya kuvuka bahari, vivyo hivyo “fall” kwa maana ya majira ya majani kupukutika. Hata ile “r” ya mwisho wa “car”, watu wa kusini mwa Uingereza ndio walioiacha, karne ya 18 hivi. Waskoti, Waairishi na Wamarekani wengi bado wanaitamka.

Nasi tumo, dada yangu! Hapa Kisumu kijana akisema “I'm tarmacking”, kila mtu anaelewa anazunguka na bahasha ya vyeti akitafuta kazi, soli zikiisha. Mwaka 2022 kamusi kubwa ya Oxford iliongeza maneno mengi ya Afrika Mashariki, “sambaza” likiwemo. Nilifurahi kweli.

Mnunulie kamusi moja ya Kiingereza cha Uingereza aizoee hadi amalize mitihani. Lafudhi yake ya nyumbani muiache, haina kosa lolote.