Mgeni Akikuuliza Nyumba ya Freddie

Wadogo zangu mliopata vitambulisho vya kutembeza wageni juzi, mkifika Shangani, hapa Mji Mkongwe wa Unguja, hamtaulizwa habari za Sultani wala karafuu. Mtaulizwa: nyumba ya Freddie Mercury, yule mwimbaji wa bendi ya Queen ya Uingereza, ni ipi?

Mwaka wangu wa kwanza nilijibu mbio mbio. Nilinyoosha kidole kwenye mlango mmoja wa njumu nikasema, "Hapa ndipo alipozaliwa." Mzee mmoja wa Kiingereza akacheka. Jana yake mwenzangu alikuwa amemwonesha nyumba nyengine, kwa uhakika uleule. Bahashishi ya siku ile sikuiona.

Mtoto yule alizaliwa hospitali ya serikali, tarehe 5 Septemba 1946, akaitwa Farrokh Bulsara. Baba yake, Bomi, alikuwa kashia katika serikali ya Mwingereza. Nyumba zinazodaiwa kuwa waliishi ni zaidi ya moja, basi semeni "inasemekana" na msione haya. Kisha wapelekeni kwenye makumbusho yake ya barabara ya Kenyatta, yaliyofunguliwa 2019. Waacheni humo watazame wenyewe, nyinyi kaeni barazani mpumzishe koo.

Wazazi wake walikuwa Maparsi wa Gujarat, watu wa dini ya Zoroasta. Jina Bulsara limetokana na mji wa Bulsar, ambao sasa huitwa Valsad. Mgeni wa Kihindi akilisikia hilo, mara nyingi ataanza yeye kukusimulia. Mwache aseme, utapata ya kumwambia mgeni wa kesho.

Pigeni hesabu ya miaka vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapoteleza. Akiwa na miaka 8 alipelekwa skuli ya bweni Panchgani, India. Huko ndiko alikosoma piano, akaanza kuitwa Freddie, akapiga muziki na wenzake katika bendi yao, The Hectics. Alirudi Unguja 1963. Mwaka uliofuata, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Feltham, pembezoni mwa London, naye ana miaka 17. Sasa hiyo taarab wanayomsingizia alijifunza lini? Nimewahi kumsikia papasi mmoja, hao wanaowaganda wageni njiani, akiapa kwamba Freddie alikuwa mpigaji kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarab! Wageni walikuwa wanaandika.

Swali jengine litakalokuja ni la neno "Bismillahi" kwenye Bohemian Rhapsody, wimbo wa 1975. Je, alilichukua kwetu? Jibuni kwamba mwenyewe hakupenda kuufafanua wimbo ule, na kwamba mtoto wa mji huu hulisikia neno hilo kila sahani inapowekwa mkekani. Mkishafika hapo nyamazeni. Mgeni ataunganisha mwenyewe, na atafurahi zaidi kuliko mkimuunganishia.

Habari za London pitieni haraka, wanazijua kuliko nyinyi. Mimi huwapa moja tu: alisomea usanifu wa michoro chuo cha Ealing, na nembo ya Queen aliichora yeye mwenyewe kwa kutumia nyota za kuzaliwa za wanabendi wote wanne.

Mawili yanataka adabu. La kwanza ni Mapinduzi. Mgeni akiuliza kwa nini waliondoka, mwambieni mwaka na sababu kwa ufupi, na msilisimulie mkiwa mmesimama mbele ya baraza la watu. Hamjui babu wa mwenye baraza alikuwa upande gani. La pili ni maisha yake ya faragha na ugonjwa. Alifariki kwa maradhi yaliyotokana na UKIMWI tarehe 24 Novemba 1991, siku moja tu baada ya kuutangazia ulimwengu kwamba anaugua. Lisemeni kwa sauti ya chini, bila kejeli na bila mahubiri. Miongoni mwa wageni wenu atakuwemo aliyefiwa na mtu wake kwa maradhi hayohayo.

Halafu kuna wale watakaotaka kuitikia ile "ee-oo" yake ya uwanja wa Wembley, London, ya tarehe 13 Julai 1985, alipoitikiwa na uwanja wenye watu wapatao elfu 72. Hao wapelekeni Forodhani jioni, upande wa baharini, vijana wanaporuka majini. Ila iadhiniwe magharibi kwanza na watu wamalize kusali.