Pichi ndiyo, ila angalia dirisha lako kwanza

Swali lenu la wiki hii mmeuliza, ukiambiwa ubadilishe rangi ya chumba kimoja tu nyumbani kwako utapaka rangi gani na kwa nini. Mi jibu langu ni pichi, ile hafifu kabisa, kama papai bivu lililosagwa na maziwa mengi, na ningeanza na chumba cha kulala. Mimi ni fundi rangi hapa Kigoma, kazi zangu nyingi ziko Mwanga, Gungu na Katubuka, saa nyingine nashuka Ujiji, kwahiyo hili swali huwa nalijibu mbele ya mteja mwenye hela mkononi, naombeni mnivumilie nitaandika kirefu.

Hii rangi watu wanaipenda sana siku hizi. Tangu Pantone, kampuni ya mambo ya rangi ya Marekani, itangaze Desemba 2023 kwamba rangi ya mwaka 2024 ni Peach Fuzz, yaani aina ya pichi, wateja wanakuja na picha kwenye simu, fundi nataka hii hii usiibadilishe hata kidogo. Sasa ile picha imepigwa nyumba ya Ulaya kwa mwanga wa Ulaya, na kioo cha simu nacho kina rangi zake. Alafu ukisoma majarida ya Uingereza wanakwambia pichi inafaa chumba ambacho dirisha linatazama kaskazini. Kwa kule ni ushauri mzuri tu, maana jua lao la mchana mwaka mzima linakaa upande wa kusini, chumba cha kaskazini kwa sehemu kubwa ya mwaka hakipati jua la moja kwa moja, mwanga wake unakuwa wa ubaridi wa kibluubluu, basi pichi inakichangamsha. Sisi huku tupo kama nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta jamani! Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana linapita utosini, Juni linaegemea kaskazini, Desemba linaegemea kusini, kwahiyo mambo ya dirisha la kaskazini we achana nayo, kwetu angalia mashariki na magharibi.

Na magharibi ya Kigoma ni ziwa. Nyumba nyingi za kwenye miteremko zimefunguliwa kuelekea Tanganyika, kila mtu anataka aone maji na apate upepo, na jioni jua likianza kushuka kwenye milima ya Kongo linaingia ndani likiwa chini kabisa, limeshakuwa la rangi ya machungwa, linapiga ukuta wa ndani moja kwa moja. Pichi iliyokolea ikipigwa na jua hilo inageuka chungwa kabisa, mtu anakaa sebuleni anahisi joto hata kama feni inazunguka na wala joto halijaongezeka, ni macho tu. Kwahiyo chumba cha upande wa ziwa chukua pichi hafifu kuliko unavyodhani, ile ambayo dukani ukiitazama unaona kama nyeupe iliyochafuka kidogo. Jua la jioni litakuongezea rangi lenyewe, bure, na ile nusu saa ya kabla jua halijazama utaipenda nyumba yako sana.

Chumba cha mashariki ni kinyume chake, asubuhi kinapata mwanga mwingi alafu kuanzia mchana kinapoa, hicho kinabeba pichi iliyokolea hatua moja zaidi bila shida. Na kuna vyumba vingine ambavyo watu wanavisahau, vile vya chini ya miembe, Ujiji viko vingi, mwembe umefunika dirisha miaka na miaka na hakuna mtu anataka kuukata. Mwanga unaoingia umepita kwenye majani, una ukijani ndani yake, ukipaka nyeupe ukuta unaonekana kama una ukungu na watu wakikaa humo sura zao zinapauka utadhani wana homa. Hapo ndipo pichi inapofanya kazi kuliko rangi yoyote ninayoijua, ule wekundu wake mdogo unaumeza ule ukijani, na sura ya mtu inarudi kuwa na uhai. Kwa chumba cha mgonjwa au cha mama aliyejifungua mi huwa nashauri hivyo hivyo hata kama hakuna mwembe.

Kitu kingine ambacho kadi ya rangi ya dukani haikwambii, kuta nne zinarushiana rangi. Pichi ya ukuta huu inaenda kwenye ule, ule unairudisha, matokeo yake chumba kizima kinakolea kuliko kile kipande kidogo ulichokichagua. Dawa yake chukua karatasi ngumu kubwa, ipake mikono miwili, yaani mara mbili, iache ikauke kabisa, alafu iegemeze ukutani uitazame asubuhi, saa 6, jioni na usiku umewasha taa. Usiichague ikiwa mbichi, ikikauka inabadilika.

Taa ndio inaharibu kazi za watu wengi. Unapaka pichi nzuri alafu unaweka balbu nyeupe kali ile iliyoandikwa 6500K kwenye boksi, usiku rangi yote inapauka inakuwa kama kijivu. Tafuta iliyoandikwa 2700K au 3000K, wauzaji wanaiita taa ya njano, siku hizi mjini zipo.

Kuhusu kiasi cha rangi nitasema kwa kifupi. Chumba cha mita 3 kwa 3 na nusu chenye kimo cha mita 2.8, ukitoa mlango na dirisha unabaki na kama mita za mraba 32, mikono miwili ni 64, na lita moja kwenye ukuta laini inafunika kama mita za mraba 10, kwahiyo makopo mawili ya lita 4 yanatosha na kinabaki kidogo cha kurekebishia. Changanya yote siku moja! Kama fundi anachanganya kwa mkono, nyekundu kidogo na njano ndani ya nyeupe, hawezi kuirudia ile ile wiki ijayo hata awe nani, na kama ni mashine tunza ile namba ya mchanganyiko. Plasta mpya iache ikae kama siku 28 kwanza, saruji mbichi ina ukali unaokula rangi na inatoa chumvi nyeupe. Na kama unapiga msasa rangi ya zamani ya mafuta, loanisha ukuta, vaa barakoa na watoto wasiwepo, zile za zamani zingine zilikuwa na madini ya risasi.

Dari iache nyeupe, ukiipaka nayo pichi chumba kinafunga. Jikoni kama mnapikia mkaa au mnakaanga migebuka kwa mawese sikushauri kabisa pichi isiyong'aa, mvuke na mafuta vitaingia humo na havitoki, chukua yenye mng'ao inayofutika kwa kitambaa. Ila kwa vumbi letu jekundu pichi ina faida kubwa sana kuliko nyeupe, kiangazi likishaingia ule mstari wa chini ya ukuta hauonekani haraka, mwenye watoto wadogo atanielewa.

Alafu vyombo. Kitanda cha mninga kwenye ukuta wa pichi kinapendeza mno, ule wekundu wa mbao na ukuta vinaelewana, lakini vyote vikiwa vya moto moto chumba kinachosha, lazima uweke kitu cha baridi katikati. Bluu ndio mwenzake wa pichi. Nenda sokoni Mwanga kwenye vitenge vya Kongo, tafuta chenye bluu nzito na nyeupe, kishonee pazia na foronya, inatosha, usiongeze maua ya plastiki wala stika za ukutani. Kijani cha giza nacho kinakubali.

Wapangaji nao wasione hii ni ya wenye nyumba tu. Omba ruhusa kwa meseji ili ibaki maandishi, mtumie mwenye nyumba picha ya ile karatasi uliyoipaka, na upake ukuta mmoja tu wa kichwani mwa kitanda. Pichi hafifu siku ya kuhama inafunikwa na nyeupe mikono miwili, sio kama nyekundu au zambarau ambazo utapaka mpaka kopo liishe na bado zinachungulia.