"Madoadoa" ni tusi?

SWALI: Mimi ni mhariri wa habari redioni. Kamusi inasema doa ni alama au waa, basi. Mbona mwanasiasa akisema "madoadoa" jukwaani anakamatwa? Je, nilifute kabisa katika taarifa zangu?

JIBU: Usilifute. Chui ana madoadoa, na shati likimwagikiwa mchuzi huingia doa. Hakuna wa kukushtaki kwa hayo. Uradidi, yaani kulirudia neno, ndio unaoongeza kutapakaa: madoadoa ni madoa yaliyotawanyika huku na huku. Katika Bonde la Ufa nchini Kenya, tangu ghasia za uchaguzi wa 1992, taswira hiyo imebandikwa jamii zilizohamia zikaishi katikati ya wenyeji. Baada ya damu iliyomwagika kufuatia uchaguzi wa 2007, hakuna asiyeelewa. Seneta mmoja alipowahimiza watu Eldoret, mji wa Bonde hilo, Januari 2022, waondoe madoadoa, hakuna aliyedhani anazungumzia kufua nguo. Akakamatwa.

Sasa tazama sarufi, maana kamusi haikuonyeshi hili. Tukisema "mafisadi wamekula" au "mabeberu wanatuonea wivu", nomino zina umbo la ma- lakini upatanisho ni wa watu: wa-. Hata unapomtukana mtu hivyo, bado umemhesabu kuwa mtu, mwenye tendo la kujibu. "Madoadoa yaondolewe" haina wa- popote. Watu wametoweka kwenye sentensi kabla hawajatoweka kijijini. Na ni pengo hilohilo analopenyea msemaji akibanwa: "Nilisema madoa, sikutaja kabila." Au atadai alikusudia wagombea wa chama kingine. Kwekwe, yaani magugu, hufanya kazi hiyohiyo, nayo hung'olewa.

Kitenzi nacho kina lake. Doa peke yake halimdhuru mtu. Kuondoa, kutoa, kusafisha, ndivyo vinavyoligeuza kuwa agizo. Ndiyo maana sina imani kubwa na orodha za maneno. Aprili 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano ya Kenya ilitangaza yake, ikiwa na madoadoa, kwekwe na mende, lakini pia "sipangwingwi" (yaani sipangiwi na mtu), msemo wa vijana wa mtaani uliokuwa umedakwa na kambi moja ya kampeni. Kuuweka huo kapu moja na mende ni kukoroga mambo. Isitoshe, mwenye nia mbaya hakosi neno jingine la kuokota shambani au jikoni.

Tena maneno hubadili mikono. "Tangatanga" ilianza kama kejeli kwa ziara zisizokwisha za William Ruto, alipokuwa naibu wa rais. Wafuasi wake wakaivaa kama jezi. Madoadoa hayavaliki hivyo. Sijasikia mtu akijiita doa.

Kwa taarifa zako: lisome neno likiwa ndani ya nukuu tu, pamoja na kitenzi chake, na useme lilitamkwa wapi na mbele ya nani, kwa sababu Eldoret ya Bonde la Ufa si Lamu ya pwani. Usiliweke kwenye muhtasari wa habari, ambako redioni alama za kunukuu hazisikiki. Na ripota wako asiandike "wanaoitwa madoadoa". Aandike wakazi, wapiga kura, majirani, lolote linalopokea wa-.